Mantiki ya Kiasi: Istilahi na Maktaba Yake

Mkwajuni, makao makuu ya Wilaya ya Songwe, ni jina lililobeba somo zima la hisabati. Chukua neno mkwaju, liongeze -ni ya mahali. Aliyeegemea shina yuko mkwajuni, hakuna ubishi. Aliyekaa ukingoni mwa kivuli naye yuko mkwajuni. Je, aliyesimama hatua hamsini kutoka hapo? Ukichora mstari, utalazimika kusema kwamba hatua moja tu imemtoa mtu mkwajuni. Kiswahili hakijilazimishi hivyo: mkwajuni hapa ni mahali hasa, mkwajuni huku ni eneo lake kwa jumla.

Mantiki ya kawaida ya kompyuta inataka mstari huo: ndiyo au siyo, 1 au 0. Mwaka 1965 Lotfi Zadeh wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliandika makala iliyoruhusu kitu kuwamo katika seti kwa 0.2, kwa 0.6 au kwa 0.9. Mwaka 1975 Ebrahim Mamdani, mzaliwa wa Tanzania aliyekuwa mhadhiri London, alichapisha pamoja na Sedrak Assilian jaribio la kuongoza injini ya mvuke kwa kanuni za maneno, za namna hii: ikiwa shinikizo ni dogo sana, ongeza moto sana. Njia hiyo bado inaitwa kwa jina la Mamdani.

Kwa Kiingereza mantiki hii ni fuzzy logic. Anayetafsiri neno kwa neno ataandika "mantiki ya ukungu", na msomaji atadhani ni hesabu za kubahatisha. Mimi nasema mantiki ya kiasi, kwa sababu swali lake lote ni moja: kiasi gani?

Tazama mahindi yaliyoanikwa. Ili yahifadhiwe salama, unyevu usizidi asilimia 13.5. Tuseme asilimia 18 ni mabichi kabisa, ukavu 0, na asilimia 13.5 ni makavu kabisa, ukavu 1. Gunia lenye asilimia 15.3 lina ukavu wa 0.6. Namba hiyo haisemi huenda ni makavu. Unyevu umeshapimwa na unajulikana, 0.6 ni kiwango cha kuwamo katika seti ya mahindi makavu. Mkulima analiita gunia hilo "makavu kiasi", na hajakosea.

Kwa hiyo anayetunga maktaba ya programu, yaani hazina ya vipande vya msimbo ambavyo wengine huazima, aanzie kwenye maneno kama hayo ya mkulima. Hesabu za kuchanganya kanuni na kutoa jibu moja zikae ndani, zenye mipangilio ya kuanzia inayofaa kazi nyingi. Mlangoni abakishe vitu vitatu tu: kipimo, maneno yake, na kanuni:

unyevu = kipimo(10, 25)
makavu = unyevu.kushuka(13.5, 18)
ikiwa(makavu).na(mawingu_machache).basi(anika_kidogo)

Maneno mawingu_machache na anika_kidogo hufafanuliwa vivyo hivyo. Mstari wa mwisho usome kwa sauti mbele ya mkulima asiyewahi kugusa kompyuta. Ataelewa, na kanuni ikiwa na kasoro atakwambia: hapana, mahindi yakiwa hivyo na upepo upo, hata kidogo hicho hakihitajiki. Ujuzi wa kuanika ni wake. Maktaba inayomwezesha kuisahihisha kompyuta kwa lugha yake ndiyo rahisi kutumia.