Nyambui alikuwa mwanafunzi au mfanyakazi?

Mabasi ya Musoma yote yanapita hapa Nyakato. Ukisimama kando ya barabara asubuhi utayaona yanavyopigana vikumbo kutafuta abiria wa mwisho wa mjini. Huko yanakoelekea, ukiiacha lami na kushuka kuelekea ziwani, ndiko Majita. Na Majita ndiko alikozaliwa Suleiman Nyambui mwaka 1953.

Kwa wale ambao jina hili wanalisikia kwa mbali tu: Tanzania ina medali mbili za Olimpiki tangu dunia iumbwe, zote za fedha, zote za Moscow 1980. Moja ni ya Filbert Bayi, mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Nyingine ni ya Nyambui, mita 5,000, alipomaliza nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Mpaka leo hakuna ya tatu.

Nataka tuzungumze jambo ambalo sisi waandishi wa michezo huwa tunaliruka. Wakati Nyambui anapanda jukwaani Moscow, kazi yake ilikuwa nini? Bayi tunajua, alikuwa askari wa JWTZ, ana mshahara. Nyambui alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Texas pale El Paso, Marekani, mji uliopo mpakani kabisa na Mexico. Kocha wa chuo hicho enzi hizo, Ted Banks, alikuwa amegundua kwamba vipaji vya mbio ndefu viko Afrika Mashariki, akawa anavichota.

Na alivichota kweli. Chuo hicho kilitwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani wa mbio za nyika kila mwaka kuanzia 1978 hadi 1981. Nyambui peke yake alishinda mita 10,000 za vyuo mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, na mbio za nyika mwaka 1980. Februari 1981 akaweka rekodi ya dunia ya mita 5,000 za ndani kule New York. Nyuma yake wakaja Watanzania wengine, Gidamis Shahanga na Zakaria Barie, wale waliochukua dhahabu na fedha ya mita 10,000 katika michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1982.

Malipo yao? Ada, chumba, chakula, vitabu. Basi. Tena tangu mwaka 1973 chama cha michezo ya vyuo cha Marekani, NCAA, kilibadili utaratibu, ufadhili ukawa wa mwaka mmoja mmoja. Maana yake kocha asiporidhika nawe, mwakani hupewi. Sasa niambie ndugu msomaji, mtu anayepangiwa saa ya kuamka, saa ya mazoezi, wapi asafiri na akimbie mbio zipi, na akishindwa kuleta matokeo anaondolewa, huyo kwa Kiswahili chetu cha Nyakato tunamwitaje? Kiwandani anaitwa kibarua.

Lakini Wamarekani wana jina lao: mwanafunzi-mwanamichezo. Unaweza kudhani ni jina la heshima. Hapana, lina historia yake, na si nzuri. Mwaka 1955 kijana mmoja aitwaye Ray Dennison, mwenye mke na watoto, alikufa kwa jeraha la kichwa akiichezea timu ya chuo chake kidogo katika jimbo la Colorado. Mjane wake akadai fidia, ile anayolipwa mtu aliyekufa kazini. Mwaka 1957 mahakama kuu ya jimbo ikasema hapana, chuo hakikuwa katika biashara ya mpira, kwa hiyo marehemu hakuwa kazini. Ni katika miaka hiyo NCAA ilipolikazania jina la mwanafunzi-mwanamichezo na kuvitaka vyuo vilitumie kila mahali. Walter Byers, aliyekiongoza chama hicho tangu 1951 hadi 1987, alikuja kukiri mwenyewe kwenye kitabu chake cha mwaka 1995 kwamba jina hilo lilitungwa kwa kuhofia madai ya fidia kama hayo. Yaani neno lilitengenezwa ili mjane asilipwe. Kwa sisi tunaoishi kwa kuandika maneno, hilo linatosha kukunyima usingizi.

Kijana mwingine wa chuo cha huko huko Texas alikokuwa akikimbia Nyambui, Kent Waldrep, alivunjika shingo uwanjani mwaka 1974 akapooza. Alihangaika na madai yake miaka mingi. Mwaka 2000 mahakama ya rufaa ikamwambia yale yale: hukuwa mwajiriwa.

Haya, turudi nyumbani, maana hapa ndipo stori inapogeuka.

Wakati Wamarekani wanakwepa neno ajira, sisi tulikuwa tunaligawa kama njugu. Enzi za mashirika ya umma mchezaji mzuri alikuwa mwajiriwa. Pamba ya hapa Mwanza, TP Lindanda, wana Kawekamo, ilisimama juu ya mgongo wa zao la pamba. Reli ya Morogoro ilikuwa ya shirika la reli. Bandari ya Mtwara, Ushirika ya Moshi, RTC Kagera, Sigara, Mecco ya Mbeya, majina yenyewe yanakuambia nani anasaini mshahara. (Wakazi wa huku tuna kituo cha Mecco tunapitia kila siku, hatujiulizi hata.) Mchezaji alikuwa na jina kwenye orodha ya mishahara, akiumia anatibiwa kama karani yeyote, na akizeeka miguu anabaki stoo au kwenye udereva. Si kwamba wote walikuwa wanaonekana ofisini. Wazee wa mpira ukikaa nao wanacheka, wanasema wengine meza zao walizijua siku ya mshahara tu. Lakini mshahara ulikuwepo, na Pamba hiyo mwaka 1990 ikachukua ubingwa wa Muungano mbele ya Simba na Yanga.

Halafu ikaja miaka ya tisini. Mashirika yakarekebishwa, mengine yakauzwa, mengine yakafa. Timu zikafuata, kwa sababu mwenye shirika jipya hakununua timu, alinunua mashine na kiwanja. Pamba ikaporomoka kutoka ligi kuu ikakaa nje zaidi ya miaka ishirini, mpaka iliporudi msimu wa 2024/25 ikiwa Pamba Jiji, chini ya halmashauri ya jiji. Ndiyo maana mtu akiniambia dawa ya kila kitu ni ajira namwambia asubiri kidogo. Wale wachezaji walikuwa na mwajiri. Chama cha kuwasemea kama wachezaji, siku mwajiri anapofunga milango, hawakuwa nacho.

Waliobaki salama ni wa majeshi. Juma Ikangaa alikuwa ofisa wa jeshi na aliposhinda New York Marathon mwaka 1989 nyuma yake kulikuwa na cheo na pensheni. Mwaka mmoja kabla, kule Boston, alikuwa ameshindwa kwa sekunde moja tu na Ibrahim Hussein wa Kenya, ambaye alipitia chuo kikuu cha New Mexico. Njia mbili za Afrika Mashariki zikakutana kwenye utepe mmoja: mmoja kalelewa na kambi, mwingine na chuo cha Marekani.

Lakini mfano unaoniuma zaidi ni Henry Rono. Mwaka 1978, akiwa mwanafunzi wa chuo cha jimbo la Washington, alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Nne! Mita 3,000, 5,000, 10,000 na viunzi na maji. Jina la chuo likasomwa dunia nzima. Baadaye pombe ikamshika, akaishi Marekani bila makazi, akafanya kazi za kubeba mizigo ya abiria uwanja wa ndege. Alifariki Februari 2024. Sisemi chuo ndicho kilichomnywesha pombe. Nasema mtu aliyefanya kazi ile aliondoka bila hata senti ya kiinua mgongo.

Huko Marekani mambo yamesogea. Mwaka 2021 mahakama kuu, majaji wote tisa kwa kauli moja, waliibana NCAA kuhusu kuzuia baadhi ya marupurupu ya kimasomo, na mwaka huo huo wachezaji wakaruhusiwa kuuza majina yao kwa matangazo. Machi 2024 vijana wa mpira wa kikapu wa chuo cha Dartmouth walipiga kura 13 kwa 2 kuanzisha chama cha wafanyakazi, lakini kufikia mwisho wa mwaka shauri likaondolewa. Juni 2025 jaji akaidhinisha makubaliano ya dola bilioni 2.8, na vyuo vikaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja hadi kama dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza. Fedha zimekubalika, neno mwajiriwa bado. Na kwa mtoto wa Majita au wa Iten kuna kigingi cha ziada, viza ya mwanafunzi inambana asifanye kazi. Mwenzake mwenyeji anasaini mkataba wa viatu, yeye anaogopa kurudishwa kwao.

Msimamo wangu? Anayeingizia chuo fedha na kupangiwa siku yake yote ni mfanyakazi, apewe mkataba na chama. Kwa vyuo vyetu, ambavyo kwenye mashindano haviingizi hata nauli, sidai mshahara. Nadai matibabu. Sisi tuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, lakini ni wa wafanyakazi kama jina linavyosema, na mwanafunzi anayechezea chuo si mmoja wao.

Nilipokuwa chuo, jamaa niliyekaa naye chumba kimoja alivunjika mguu katika mashindano ya vyuo, dakika za mwisho, akiwania mpira ambao hata haukuwa na faida. Chuo kilimpa pole na barua. Tulichangishana bwenini, mama yake akauza ng'ombe wawili. Nilipoenda kuuliza ofisini wakanionyesha fomu aliyoisaini kabla ya safari, kwamba anashiriki kwa hiari yake. Ilikuwa karatasi moja ya wachezaji wote. Mimi nilikuwa mchezaji wa akiba, na jina langu lilikuwa la tatu kutoka chini.