Hatua si mita: maneno ya viwanja na ujenzi yanayowagharimu wanunuzi Mkwaja

"Shamba eka 1 Mkwaja, bichi, limepimwa, hati ipo, bei maelewano." Matangazo ya namna hii yanazunguka sana kwenye simu siku hizi. Ni mstari mmoja tu, lakini shamba, eka, bichi, limepimwa na hati ni maneno ambayo muuzaji, dalali na mnunuzi wanaweza kuyaelewa kila mtu kivyake. Anayekuja kuumia mara nyingi ni aliyetoa pesa.

Mkwaja ipo kusini mwa Wilaya ya Pangani, mkoani Tanga, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Kwa anayetoka Tanga mjini, safari ilikuwa kuvuka Mto Pangani kwa kivuko hadi Bweni, halafu vumbi. Ujenzi wa barabara ya lami ya Tanga–Pangani–Bagamoyo, pamoja na daraja la mita 525 la Mto Pangani, umefanya hata watu wa Dar es Salaam waanze kuulizia ardhi huko. Madalali nao wameamka.

Hatua, mita, eka

Ukiambiwa kiwanja ni "20 kwa 20", swali la kwanza ni 20 ya nini. Mita 20 kwa 20 ni mita za mraba 400, nyumba ya vyumba vitatu inakaa na uwanja unabaki. Futi 20 kwa 20 ni kama mita za mraba 37 tu, yaani banda. Katikati ya hizo kuna hatua, kipimo kinachotumika zaidi vijijini, na hatua ni mguu wa mtu. Hatua 20 za mtu mrefu zinaweza kufika mita 18, za mtu mfupi zikaishia 15.

Kwenye eka tofauti inakuwa kubwa zaidi. Eka moja ni mita za mraba 4,047. Vijijini watu wengi huipima kwa hatua 70 kwa 70. Kwa hatua ya sentimita 90 unapata mita za mraba 3,969, karibu kabisa na eka kamili. Kwa hatua ya sentimita 75 unapata 2,756, yaani theluthi moja ya eka imeondoka na hakuna aliyeiba. Hekta nayo ni kitu kingine, mita za mraba 10,000, karibu eka mbili na nusu. Wapo wanaochanganya hekta na eka kwa kutojua, na wapo wanaochanganya makusudi.

Dawa yake ni rahisi: mkataba uandike mita kwa kila upande, na majirani wa pande zote wawepo siku ya kupima.

Shamba au kiwanja

Kwa mazungumzo ya kawaida, kiwanja ni pa kujenga na shamba ni pa kulima. Kisheria swali ni ardhi hiyo iko kundi gani. Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, zinagawa ardhi ya Tanzania makundi matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya kijiji na ardhi ya hifadhi. Yote ni ya umma, Rais ndiye mdhamini. Mwananchi anachomiliki ni haki ya kuitumia.

Mkwaja makundi hayo yanakaa jirani. Eneo kubwa lililokuwa ranchi ya ng'ombe ya Mkwaja sasa limo ndani ya Hifadhi ya Saadani, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Huko hakuna cha kuuziana, hata kama mtu anasema babu yake alichunga pale. Nje ya mpaka wa hifadhi, sehemu kubwa ni ardhi ya vijiji.

Ardhi ya kijiji ina utaratibu wake. Anayetoka nje ya kijiji anahitaji kibali cha halmashauri ya kijiji, na ardhi ya kijiji haigawiwi bila mkutano mkuu wa kijiji kuridhia kwanza. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Wanapewa barua yenye muhuri wa mwenyekiti na kuambiwa "serikali imeshuhudia". Mwenyekiti ni mtu mmoja. Halmashauri ya kijiji ni kikao cha watu kati ya 15 na 25, na kikao huacha muhtasari. Mnunuzi aombe kuuona huo muhtasari, wenye tarehe na mahudhurio.

Limepimwa, ofa, hati

"Limepimwa" linaweza kumaanisha mtu alipita na kamba. Kiwanja kilichopimwa rasmi kina bikoni, yaani mawe ya mpaka yaliyowekwa na mpima ardhi mwenye leseni, na kina namba kwenye ramani ya upimaji iliyoidhinishwa. Namba hiyo inaweza kuulizwa ofisi ya ardhi. Kama namba haipo, hapo kuna mawe tu.

"Hati" nayo iko ya aina mbili. Hatimiliki inayotolewa kwenye ardhi ya jumla huwa na muda, kwa kawaida miaka 33, 66 au 99, na mwenye nayo hulipa kodi ya ardhi kila mwaka. Hati ya haki miliki ya kimila hutolewa kijijini na kwa mwanakijiji haina ukomo wa miaka. Zote ni hati halali. Lakini mtu akisema "hati ipo" huku ameshika karatasi ya mauziano ya mwaka juzi kati yake na jirani, hiyo ni karatasi ya mauziano. Barua ya ofa, ambayo wengi huita ofa tu, ni hatua ya kuelekea kwenye hatimiliki.

Kwa shamba la urithi, neno la kushika ni msimamizi wa mirathi. Huyu huteuliwa na mahakama, mara nyingi Mahakama ya Mwanzo, na ndiye mwenye mamlaka ya kusaini kwa niaba ya warithi. Kaka mkubwa hageuki msimamizi kwa sababu ni kaka mkubwa. Shangazi aliyeko Tanga mjini akirudi na kusema hakuuza, kesi imeanza. Na kama ni nyumba ya familia, sheria ya ndoa inataka ridhaa ya mume au mke, hata kama jina lake haliko popote.

Bichi na mita 60

Hili ndilo neno ghali kuliko yote Mkwaja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Chukua eka moja iliyokatwa kwa upana wa mita 40 upande wa bahari na mita 100 kwenda bara. Ukitoa mita 60 za mbele, pa kujenga panabaki 40 kwa 40. Mnunuzi amelipa bei ya bichi kwa eka nzima, msingi ataweka nyuma.

Halafu kuna maji yenyewe. Dalali mjanja humpeleka mteja wakati maji yamekupwa, mchanga umeenea hadi mbali, picha inapendeza. Wenyeji wanajua kuangalia wakati wa bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanapojaa kabisa. Aliyeona kiwanja mara moja, maji yakiwa yamekupwa, bado hajakiona.

Kwa wageni wasio raia, sheria hairuhusu kumiliki ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa. Raia anayekubali kuandikisha jina lake kwa niaba ya mgeni anajiingiza matatani, na mgeni mwenyewe hana anachomiliki.

Minazi ya nani?

Pwani kuna desturi ya zamani: mwenye ardhi na mwenye minazi wanaweza kuwa watu wawili. Aliyepanda ndiye mwenye mti, na anaweza kuuweka rehani au kuurithisha peke yake. Kwa hiyo "nimekuuzia shamba" hakutoshi. Mkataba utaje minazi mingapi, miembe mingapi, mikorosho mingapi, na kwamba imo kwenye bei. Vinginevyo kuna siku mzee wa watu atakuja na mkwezi wake kuangua nazi uani kwako, na atakuwa na mashahidi.

Hifadhi ya barabara

Lami ikija, viwanja vya kando ya barabara hupanda bei. Ila Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kutoka mita 45 hadi 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Ndiyo asili ya alama za X ukutani. Nyekundu ni aliyejenga ndani ya eneo la zamani, mita 22.5, na hudaiwa abomoe bila fidia. Kijani ni aliyekutwa kwenye nyongeza ya mita 7.5, huyo hulipwa. Kabla ya kununua "fremu ya barabarani", tembea na futi ya kamba.

Kishika uchumba

Ni pesa kidogo anayotoa mnunuzi ili muuzaji asionyeshe wengine. Haina kiwango. Ugomvi huja biashara ikivunjika: inarudi au hairudi? Iandikwe siku hiyohiyo, hata kwenye karatasi ya daftari, na ilipwe kwa mwenye mali, isiishie kwa dalali.

Ukishapata kiwanja

Kwenye ujenzi maneno ni mengi, lakini yanayoleta kelele na fundi ni machache.

Boma ni nyumba iliyonyanyuliwa kuta bila paa. Fundi akitaja bei ya "kupandisha boma", kupaua, plasta, milango na madirisha havimo. Boma likikaa miaka bila kuezekwa linaitwa pagale. Ufundi ni malipo ya mikono tu, vifaa ni vya mwenye nyumba. Muulize pia kama vibarua na maji vimo kwenye ufundi, maana hapo ndipo hesabu huvurugika.

Jamvi ni zege la sakafu linalomwagwa juu ya kifusi kilichoshindiliwa ndani ya msingi. Renta, au mkanda, ni zege lenye nondo linalozunguka nyumba juu ya milango na madirisha. "Moja mbili nne" ni mchanganyo wa zege: saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, kwa ndoo ileile.

Mchanga wenyewe usiwe wa ufukweni, hata kama uko hatua chache na ni wa bure. Chumvi yake hula nondo ndani ya renta, na plasta huanza kutoa unga mweupe na kubanduka. Maji ya kisima chenye chumvi yana shida hiyohiyo.

Upande wa paa, makuti ya viungo ndiyo ya kuezekea, makuti ya kumba zaidi ni ya uzio. Kwa mabati angalia geji, na hapa wengi huelewa kinyume: namba ikiwa ndogo, bati ni nene. Geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Kwa upepo wa chumvi wa Mkwaja, geji 32 itatoboka mapema, na muuza duka hatakuambia usipouliza.