McLaren F1 GTR: gari ya barabarani iliyoshinda saa 24 za Le Mans

Tangu tuguse habari za mashindano ya magari hewani, vijana wa magaraji wanaleta swali moja: je, gari ambayo mtu anaweza kununua, kuitia plake na kwenda nayo sokoni, iliwahi kuyashinda magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya mbio peke yake? Wengine wanabisha kwamba haiwezekani. Iliwezekana, tarehe 18 Juni 1995, na tangu siku hiyo watengenezaji walifanya kila njia ili isirudi tena.

Tuanzie Durban, Afrika Kusini. Huko ndiko alizaliwa Gordon Murray, mwaka 1946. Alipokuwa kijana hakuwa na uwezo wa kununua gari ya mashindano, basi akajitengenezea yake mwenyewe na kushindana nayo pale kwao. Mwaka 1969 akaenda Uingereza kutafuta kazi, akaipata kwa Brabham. Miaka ya nyuma yake magari aliyochora yakampa Nelson Piquet ubingwa wa dunia mara mbili, mwaka 1981 na 1983. Baadaye akahamia McLaren.

Mwaka 1988 McLaren ilishinda mbio 15 kati ya 16 za Formula 1. Ile moja iliyowaponyoka ilikuwa Monza, Italia. Ni katika safari ya kurudi kutoka huko, wakingoja ndege kwenye uwanja wa Milano, ndipo Murray, mkubwa wake Ron Dennis na wenzao wawili walianza kuzungumza juu ya kutengeneza gari ya barabarani ipitayo zote. Ajabu yake, wazo lilizaliwa siku waliyoshindwa.

Gari ilionyeshwa Monaco mwaka 1992. Ina viti vitatu, dereva anakaa katikati, abiria wawili nyuma yake kidogo, mmoja kila upande. Mwili wake ni wa nyuzi za kaboni, ambazo ni nyepesi kuliko chuma na ngumu sana. Uzito wake wote haufiki kilo 1.200. Chumba cha moteri kimefunikwa kwa karatasi ya dhahabu ya kweli, kwa sababu dhahabu inarudisha joto vizuri. (Sisi wa mashariki tunaojua dhahabu inatoka wapi na kwa jasho la nani, tunaweza kutikisa kichwa hapo.) Moteri ilitoka BMW, mikononi mwa fundi Paul Rosche ambaye Murray alimfahamu tangu siku za Brabham: silinda 12, lita 6,1, nguvu ya farasi 627, bila turbo. Mwaka 1998 gari hiyo ilifikia kilometa 386 kwa saa huko Ujerumani.

Sasa msikilize vizuri: Murray hakutaka ishindane. Aliichora kwa ajili ya barabara tu. Waliomsukuma ni wateja matajiri, kama Ray Bellm na Thomas Bscher, ambao waliona mashindano mapya ya magari ya GT yanaanza Ulaya wakasema, kama ninyi hamtatutengenezea gari ya mbio, sisi tutaibadilisha wenyewe. McLaren ikakubali. Kwa msimu wa 1995 zikatengenezwa gari 9 zilizoitwa GTR. Mabadiliko hayakuwa mengi: chuma za kumkinga dereva gari ikipinduka, bawa kubwa nyuma, springi ngumu zaidi. Kanuni zilitaka moteri izibwe pumzi kidogo, kwa hiyo gari ya mashindano ilikuwa na nguvu kama farasi 600, yaani chini ya ile ya kwendea sokoni! Mnajua gari nyingine ya mbio ya namna hiyo?

Ili kuelewa uzito wa jambo hili inafaa kurudi mwaka mmoja nyuma. Mwaka 1994 Le Mans ilishindwa na gari iliyoitwa Dauer 962, ikiandikishwa kama gari ya barabarani. Ukweli ni kwamba ilikuwa Porsche 962, gari ya mbio ya miaka ya 1980, iliyovalishwa ngozi na kupewa karatasi. Kanuni ziliruhusu. Hapa kwetu tunaijua karatasi yenye muhuri ambayo nyuma yake hakuna kitu, kwa hiyo sina haja ya kueleza sana. McLaren ilifanya safari kinyume: ilitoka barabarani ikaenda kwenye mbio.

Le Mans ni muji wa Ufaransa. Mbio zake zinachukua saa 24, mchana na usiku, na mzunguko mmoja una zaidi ya kilometa 13. McLaren saba ziliingia mwaka ule. Hakuna aliyezipa nafasi ya kwanza. Kulikuwa na magari mepesi ya wazi yaliyotengenezwa kwa ajili ya mbio hizo tu, na watu walisema bwati ya vitesi ya McLaren haitamaliza usiku.

Kisha mvua ikanyesha, na ilinyesha zaidi ya nusu ya mbio. Madereva wetu wa malori wanaolala njiani Kanyabayonga wakati wa mvua wanajua kwamba maji hayaulizi bei ya gari. Yale magari mepesi yakapata shida moja baada ya nyingine, na nguvu nyingi haikusaidia kitu kwenye lami yenye maji. Mario Andretti, Mmarekani mwenye miaka 55 aliyekuwa amebakiza kombe hilo tu katika maisha yake, aligonga Courage yake mapema na timu ikapoteza mizunguko kadhaa garajini.

Kwa muda mrefu McLaren ya rangi ya njano, ya duka la Harrods, ndiyo iliyoongoza. Ndani yake walikuwa Andy Wallace, Derek Bell mwenye miaka 53 aliyekwisha kushinda hapo mara tano, na mtoto wake Justin. Baba na mtoto katika gari moja, tena ilikuwa siku ya akina baba huko Ulaya. Lakini ambreyaji ikaanza kuwasumbua, na katika saa za mwisho wakapitwa.

Aliyewapita ni namba 59, gari nyeusi-kijivu. Na hapa kuna jambo ninalolipenda kuliko yote. Gari hiyo, iliyoandikwa 01R, ndiyo ile ya kwanza ambayo McLaren waliitumia kwa majaribio. Haikutengenezwa kwa ajili ya mteja yeyote. Walioitunza uwanjani walikuwa timu ndogo ya Kiingereza, Lanzante. Usiku, katikati ya mvua, Mfini JJ Lehto aliiendesha kwa vitesi ambayo wengine hawakuiweza. Wenzake walikuwa Mfaransa Yannick Dalmas, yuleyule aliyeshinda na ile Dauer mwaka uliotangulia, na Masanori Sekiya, Mjapani wa kwanza kushinda Le Mans.

Walimaliza mizunguko 298, zaidi ya kilometa 4.000. Courage ya Andretti ikawa ya pili kwa kukosa mzunguko mmoja tu. Nafasi ya tatu, ya nne na ya tano zote zikachukuliwa na McLaren. Kuna wanaosema ni mvua iliyoshinda. Mimi nawajibu kwamba mvua iliwanyeshea wote.

Baada ya hapo viwanda vikubwa viliamka. Porsche ilileta 911 GT1 mwaka 1996, na Mercedes CLK-GTR mwaka 1997, ikiwa imenunua McLaren moja kwanza ili kuichunguza. Hayo yalikuwa magari ya mbio tangu mchoro wa kwanza. Zile za barabarani zilitengenezwa chache tu ili kanuni iridhike. McLaren ikajibu kwa kurefusha mwili wa GTR, ikapata nafasi ya pili na ya tatu Le Mans mwaka 1997, na ya nne mwaka 1998, ikiwa na dereva Steve O'Rourke ambaye kazi yake ya kweli ilikuwa kusimamia wanamuziki wa Pink Floyd. Mwaka huohuo Mercedes ilishinda kila mbio za ubingwa wa GT. Wengine wakaona hakuna faida ya kuendelea kutoa pesa, na kundi hilo la GT1 likafa.

Jumla ya McLaren F1 zote zilizotengenezwa ni 106, na kati yake 28 ni GTR. Mwaka 1999 BMW ilishinda Le Mans kwa gari ya wazi, ya mbio tupu. Moteri yake ilikuwa ya silinda 12, ya ukoo uleule wa Paul Rosche, na mmoja wa madereva watatu alikuwa tena Yannick Dalmas.