Odoo na Mizigo: Rada ya Kupanga Delivari Ukiwa Mtaani

Unauza viatu Umoja ama mitumba ya Gikomba online, na bado unahesabu doo ya delivari kwa kichwa? Hapo ndio faida hupotelea.

Odoo ni programu ya biashara kutoka Ubelgiji: mauzo, stoo na invoisi pahali pamoja. Sehemu ya kutuma mizigo unaiongeza juu yake. Njia ni tatu:

• Bei moja: kila mteja analipa sawa. Iko poa kama nduthi yako haitoki Eastlands.
• Bei kwa masharti: unaweka uzito ama thamani ya oda, mashine inajipigia hesabu. Kayole na Rongai si sawa, so tengeneza mbili.
• Kampuni ya nje, kama DHL: inaleta bei, lebo na namba ya kufuatilia mzigo. Hii iko kwa toleo la kulipia.

Kila bidhaa iandikwe uzito. Ukiacha sufuri, bei inakuja ya uongo na tofauti inatoka mfukoni mwako. Anza na majaribio kwanza.

Na usitegemee kampuni moja. Sendy ya hapa Nairobi ilifunga 2023. Namba ya msee wa nduthi isitoke kwa simu.