Fedha za jimbo, fedha za usheferi: sheria inasema nini juu ya usawa wa maeneo

Mama mjamzito wa Shabunda na mama mjamzito wa Kolwezi ni raia wa nchi moja, lakini safari ya mmoja kufika kwa daktari haifanani na ya mwenzake. Hilo tunalijua. Tusilolijua vizuri, hata sisi tunaohubiri juu ya haki kila Jumapili, ni kwamba Katiba na sheria za Kongo zimekwisha kuweka njia za kupunguza tofauti hiyo kati ya eneo na eneo. Shida ni kwamba kila njia ina mlango wake. Mmoja ni wa gavana, mwingine wa mwami au mkuu wa sekta, mwingine wa kampuni, mwingine wa Kinshasa. Washiriki wakitaka darasa au daraja, mara nyingi wanamwandikia mtu ambaye fungu hilo haliko mkononi mwake, kisha wanarudi nyumbani wakisema serikali imekataa.

Asilimia 40 na kasoro yake

Katiba ya 18 Februari 2006, ibara ya 175, inasema kwamba majimbo yanastahili 40% ya mapato ya kitaifa, nayo ikatwe palepale yanapokusanywa, kabla ya kupanda Kinshasa. Sheria ya Oktoba 2008 ikaongeza hatua nyingine: katika sehemu hiyo ya jimbo, 40% ni ya miji, komine, sekta na usheferi (wengine tunasema usultani), yaani maeneo yenye mamlaka yake ambayo kwa kifupi huitwa ETD. Kwa hesabu ya sokoni: katika franka 100 zilizokusanywa jimboni, 40 zibaki. Katika hizo 40, franka 16 zishuke kwenye ETD na 24 zibaki kwa serikali ya jimbo.

Kwa vitendo haijawa hivyo. Fedha hupanda Kinshasa zote, na kinachorudi, ile tunayoita retrosesio, huja kwa kiasi na kwa wakati ambao Kinshasa inaamua. Magavana wamelalamika kwa miaka mingi, na wana haki.

Lakini tuseme ibara hiyo ianze kufuatwa kesho asubuhi. Nani angefaidika? Mapato ya taifa hukusanywa hasa Kinshasa kwenye makao ya kampuni kubwa, Kongo-Central kwenye bandari ya Matadi, na Haut-Katanga na Lualaba kwenye shaba, kobalti na mpaka wa Kasumbalesa. Sasa tazama Maniema. Haina mpaka hata mmoja na nchi ya nje. Shati linalouzwa Kindu huenda limelipiwa ushuru Kasindi au Uvira, na ushuru huo umeandikwa kuwa mapato ya Kivu, ingawa aliyeubeba ndani ya bei ni mkulima wa Maniema. Kwa hiyo 40% peke yake ni habari njema kwa jimbo lenye forodha na migodi, na ni mkate mdogo sana kwa jimbo lisilo navyo.

Mgawanyo wa majimbo wa mwaka 2015 ulitufundisha jambo hilohilo. Kutoka majimbo 11 tukafika 26. Katanga ya zamani ikazaa Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Utawala ulisogea karibu na raia, ndiyo, lakini migodi mikubwa ya shaba na kobalti ilibaki katika mbili za kwanza. Kamina na Kalemie zilipata magavana wao na bajeti nyembamba.

Kasa ya usawazishaji

Walioandika Katiba waliliona tatizo hilo mapema, ndiyo maana kuna ibara ya 181. Inaunda Kasa ya Taifa ya Usawazishaji, ambayo Wafaransa wa ofisini huiita péréquation. Kazi yake ni kugharimia miradi ya maendeleo ili kurekebisha tofauti kati ya jimbo na jimbo, na kati ya ETD na ETD. Fungu lake ni 10% ya mapato yote ya kitaifa ya kila mwaka. Mashariki, watu wanapiga kelele sana kwa ajili ya ile 40% na karibu hakuna anayeitaja hii 10%, wakati kwa Maniema au Tanganyika hii ndiyo yenye uzito zaidi.

Sheria iliyoipa kasa hiyo mwili ilitoka mwaka 2016, miaka kumi baada ya Katiba, na fedha zilizoifikia zimekuwa chini sana ya zile inazostahili. Majirani zetu wa Kenya, katika Katiba yao ya 2010, waliweka mfuko wa namna hiyo wa 0.5% tu, na wakataja wazi ni wa nini: maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyoachwa nyuma. Kwao pia fedha zilichelewa. Kwenye karatasi sisi ni wakarimu mara 20 kuliko wao.

Msomaji wa Biblia hashangai kuona wazo hili. Mtume Paulo, katika 2 Wakorinto sura ya 8 na ya 9, anapanga changizo kutoka Makedonia na Akaya kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, na lengo analolitaja ni usawa. Tunahubiri sana sehemu ya kutoa kwa moyo wa furaha. Tunapita haraka ile sehemu ambapo Paulo anawatuma ndugu kadhaa waaminifu pamoja na fedha, ili mtu yeyote asije akamlaumu juu ya kiasi hicho kikubwa. Usawazishaji usio na mashahidi haudumu, awe anauendesha mtume au waziri.

Ada ya madini: mlango ulio karibu zaidi

Hapa ndipo makanisa yetu ya vijijini yanapaswa kukaa muda mrefu. Sheria ya madini ya 2002, iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, inataka kila kampuni yenye haki ya kuchimba ilipe ada (ridevansi) juu ya thamani ya madini inayouza. Kwa dhahabu ni 3.5%. Kwa madini yaliyotangazwa kuwa ya kimkakati, kama kobalti na koltani, ni 10%. Ada hiyo hugawanywa hivi: 50% serikali ya Kinshasa, 25% jimbo, 15% ETD ambamo mgodi umo, na 10% mfuko wa vizazi vijavyo. Sehemu ya jimbo na ya ETD haipiti Kinshasa. Kampuni inapaswa kuilipa moja kwa moja kwenye akaunti zao.

Tufanye hesabu. Kampuni imeuza dhahabu ya dola 1,000,000. Ada ni dola 35,000. Kinshasa inapata 17,500, jimbo 8,750, usheferi au sekta 5,250, na mfuko wa vizazi vijavyo 3,500. Mgodi mkubwa huuza mamilioni mengi kwa mwaka, kwa hiyo usheferi mmoja wa milimani unaweza kupokea fedha ambazo baba wa mwami wa sasa hakuwahi kuziota.

Mbali na ada hiyo, sheria ya 2018 inadai angalau 0.3% ya mauzo ya mwaka iwekwe kwa ajili ya maendeleo ya jamii zinazoguswa na mgodi. Fungu hilo husimamiwa na chombo chenye wajumbe wa kampuni na wa jamii yenyewe. Tena kampuni lazima isaini na jamii hati ya ahadi zake (cahier des charges). Kwa hiyo kijiji kilicho karibu na mgodi kina milango mitatu: ofisi ya usheferi au sekta kwa ile 15%, chombo cha 0.3%, na hati ya ahadi. Kumwomba mkurugenzi wa mgodi ajenge shule kwa fadhili ni kuiacha milango hiyo yote mitatu na kugonga ukutani.

Mpaka wa njia hii tuuseme pia. Inafanya kazi pale penye mgodi wa kampuni, kama Kibali katika Haut-Uélé au Bisie kule Walikale. Sehemu kubwa ya dhahabu ya mashariki huchimbwa kwa mikono, na kilo moja ya dhahabu huingia mfukoni na kuvuka mpaka. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika hivyo ripoti baada ya ripoti. Na tangu Goma na Bukavu ziingie mikononi mwa M23, Januari na Februari 2025, katika maeneo hayo mnyororo wote niliouelezea umekatika. Kinachokusanywa huko hakigawanywi kwa sheria hii.

Teritware 145

Njia nyingine inatoka juu. Ni Programu ya Maendeleo ya Teritware 145, PDL-145T, iliyoanza kutekelezwa mwaka 2022 kupitia PNUD na ofisi mbili za serikali, BCECO na CFEF. Inajenga shule, vituo vya afya na majengo ya utawala, na inagusa barabara za vijijini. Nia yake ni njema: kwa mara moja, mpango wa taifa unaanza na ramani ya vijiji badala ya boulevard ya Kinshasa.

Ila kuna mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, teritware si ETD. Msimamizi wake huteuliwa kutoka juu, hana bunge wala kasa ya eneo lake, basi zahanati ikishajengwa, mshahara wa muuguzi na dawa zitatoka fungu gani? La pili, teritware hazilingani. Shabunda peke yake inakaribia ukubwa wa Rwanda nzima. Nyiragongo haifiki kilomita za mraba 200. Idjwi ni kisiwa. Ukizigawia zote hesabu inayokaribiana ya majengo, umegawa sawa lakini hujasawazisha.

Wapo wanaouliza kwa nini kupeleka fedha mahali penye watu wachache na barabara mbovu; si afadhali kumsaidia kijana wa Shabunda ahamie Bukavu? Vijana wanahama tayari bila kusaidiwa. Wanaobaki ni wajane, wazee na watoto wa wale waliokwenda migodini, na ndio wanaojaza mabenchi yetu. Na sisi tusijione safi sana katika jambo hili. Hospitali zetu nyingi ziko pale ambapo mmisionari alipanda hema lake: Lemera, Kaziba, Nyankunde. Ziliokoa maelfu, lakini ramani yao haikuchorwa kwa kupima uhitaji wa kila teritware.

Anayepokea, anayehesabu

Ile 15% inaingia kwenye usheferi, na usheferi hauna baraza lililochaguliwa na raia. Desemba 2023 wapiga kura walichagua washauri wa komine katika miji kadhaa, lakini sekta na usheferi hazikuwamo. Kwa hiyo swali la nani anamuuliza mwami kuhusu matumizi limebaki wazi. Huko Kivu Kusini kulianzishwa bajeti shirikishi, Ibanda mjini Bukavu ikiwamo. Raia walikutana, wakachagua miradi, wengine wakapiga kura kwa ujumbe wa simu. Haikuhitaji sheria mpya. Ilihitaji mkutano, tangazo ukutani na mtu wa kusoma tarakimu kwa sauti, na hayo matatu kila parokia inayo.

Tarakimu zenyewe zinapatikana. Kongo ni mwanachama wa mpango wa uwazi wa madini, ITIE, na ripoti zake huonyesha malipo ya kampuni, pamoja na yale ya ada yanayokwenda kwa majimbo na kwa ETD. Kamati ya diakonia inaweza kuanza na ukurasa unaohusu usheferi au sekta yake, kisha kuomba ofisini bajeti ya mwaka huohuo na kuziweka hizo mbili kwenye meza moja.