Kidimbwi kidogo chaifaa familia

Ufugaji wa samaki mashambani ulipata nguvu nchini Kenya mnamo 2009, serikali ilipofadhili uchimbaji wa vidimbwi 200 katika kila mojawapo ya maeneobunge 140. Kila kidimbwi kilikuwa na ukubwa wa mita mraba 300.

Kuanzia Kahawa Sukari hadi Ruiru na Thika, ambako mashamba ya kahawa yamekatwakatwa kuwa ploti, ufugaji huu wafaa kwa kuwa hauhitaji ardhi kubwa. Familia hupata kitoweo na fedha, nayo maji ya kidimbwi, yenye rutuba, hunyunyizia sukumawiki.

Hata hivyo, ruzuku ilipokwisha, vidimbwi vingi viliachwa kwa sababu ya ughali wa chakula cha samaki. Aidha, ngege dume na jike wakichanganywa huzaana upesi, husongamana na kudumaa. Hivyo wafugaji hushauriwa kununua vifaranga madume pekee.