Gari kuukuu, safari ndefu: Jinsi 4x4 za zamani zinavyoandaliwa kwa kupiga kambi porini

Oktoba 2024, Arusha ilipofanya tamasha lake la Land Rover, barabara za mji zilijaa magari hayo, mengi yakiwa na umri mkubwa kuliko baadhi ya waliyoyaendesha. Lakini Land Rover na Land Cruiser za zamani si za gwaride tu. Tanzania na Kenya bado wapo watu wanaozinunua zikiwa zimechoka, wakazifumua na kuziunda upya, kisha wakaenda nazo Ziwa Natron, Ruaha au Turkana na kulala huko siku kadhaa. Gari la namna hiyo huandaliwa vipi, huendeshwa vipi, na watu hukosea wapi?

Kwa nini gari la zamani?

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwezi Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kiligawiwa kwa mgawo, ndiyo maana bodi yake ikatengenezwa kwa alumini. Toyota ilifuata mwaka 1951 na gari lililoitwa BJ, ambalo mwaka 1954 lilipewa jina la Land Cruiser. Mwaka 1984 ikaja Land Cruiser ya familia ya 70, ile inayoonekana hadi leo ikibeba askari wa wanyamapori, wagonjwa na watalii katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki.

Kinachowavutia wasafiri si historia hiyo. Ni kwamba gari likiharibika mbali na mji, kuna uwezekano mkubwa wa kumpata fundi anayelijua. Injini ya dizeli ya Toyota inayoitwa 1HZ, ya lita 4.2 na silinda sita, ina pampu ya dizeli isiyotegemea kompyuta. Betri ikifa, gari linaweza kusukumwa na kuwaka, mradi umeme kidogo uliobaki unatosha kufungua kile kidude kinachoruhusu dizeli kupita. Springi bapa ikikatika, mhunzi wa sokoni anaweza kuifunga ukafika. Gari jipya lenye vihisi kila mahali ni raha barabarani, lakini taa moja ya onyo ikiwaka huko North Horr, nyundo na waya havitasaidia.

Anza chini, si juu

Wanunuzi wengi huanza na rangi, taa kubwa na bampa. Fundi mzuri hulala chini ya gari kwanza. Bodi ya Land Rover haipati kutu kama chuma, lakini chesisi yake ni ya chuma, na gari lililoishi Tanga au Mombasa kwenye hewa ya chumvi linaweza kung'aa juu huku limeoza chini. Jaribio ni rahisi: gonga chesisi kwa nyundo ndogo, kipande baada ya kipande. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya kiboksi cha karatasi. Angalia hasa nyuma, springi zinaposhikilia, na mahali palipochomelewa kiraka juu ya kiraka.

Baada ya chesisi ni rejeta, mipira ya maji, bering za magurudumu, breki na mkanda wa taimingi. Injini ya 1HZ, na ile ya Land Rover inayoitwa 300Tdi, zote hutumia mkanda wa mpira. Ukikatika njiani, injini huumia vibaya. Kama muuzaji hana uhakika ulibadilishwa lini, ubadilishe kabla ya safari. Fedha hiyo haionekani kwenye picha, ndiyo maana wengi huinunulia taa.

Adui ni uzito

Hapa ndipo magari mengi yaliyoandaliwa kwa gharama kubwa huvunjikia. Chukua Land Rover Defender 110: ikiwa tupu ina takriban tani mbili, na uzito wa juu ulioruhusiwa na kiwanda ni kilo 3,050. Tani moja inasikika kama nafasi kubwa. Sasa hesabu. Watu wanne, kilo 300. Maji lita 60, kilo 60. Madumu mawili ya dizeli ya lita 20, kilo 34 hivi bila kuhesabu madumu yenyewe. Hema la juu ya paa, kilo 60. Bampa ya chuma na winchi, karibu kilo 90. Tairi la pili la akiba na rimu yake, zaidi ya 30. Friji na betri ya pili, kama 45. Tayari umepita kilo 600, na bado hujapakia chakula, jeki, vifaa vya ufundi, viti, jiko na gesi.

Uzito huo haukai kimya. Kwenye barabara yenye makunyanzi kama bati, kila kilo hupiga springi na shokapu maelfu ya mara kwa saa. Shokapu hupata moto na kuvuja, keria hupasuka kwenye maungio, chesisi hupata nyufa. Na mzigo uliowekwa juu ya paa huinua kitovu cha uzito, hivyo gari lililozoea mteremko wa pembeni huanza kutaka kulala.

Kwa hiyo maji na dizeli viwe chini na katikati ya gari, mbele ya ekseli ya nyuma ikiwezekana. Juu ya paa pabaki vitu vyepesi: matandiko, turubai. Winchi ina kazi yake, lakini kwa anayesafiri na gari la pili, beleshi, vibao vya kukwamulia na kamba nzuri vinatosha mara nyingi, tena kwa sehemu ndogo ya uzito huo.

Upepo wa matairi

Kifaa chenye faida kubwa kuliko vyote ni kipima upepo pamoja na pampu ndogo inayotumia betri. Tairi lenye upepo wa psi 40 hukata mchanga kama kisu. Likishushwa hadi 18 au 20 hurefuka pale linapogusa chini, na gari huelea juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Kwenye makunyanzi, kushusha kidogo hadi psi 28 hivi hupunguza mtikisiko kwa abiria na kwa gari lenyewe. Sharti lake ni mwendo: ukiwa na psi 18 usikimbie wala usikate kona kwa ghafla, kwani tairi linaweza kutoka kwenye rimu. Ukirudi kwenye lami, jaza kabla ya kuondoka.

Land Cruiser nyingi za zamani na Land Rover za Series huendeshwa kwa magurudumu mawili hadi dereva aunganishe manne, na baadhi zina loki za kufungwa kwa mkono kwenye magurudumu ya mbele. Zifunge kabla ya mchanga, si baada ya kuzama. Lakini kwenye lami kavu rudi kwenye magurudumu mawili, la sivyo giaboksi na shafti hukazana hadi kitu kivunjike. Defender ni tofauti: magurudumu yake manne huvuta wakati wote, na dereva hufunga difu ya kati tu panapoteleza.

Udongo mweusi wa mbuga una sheria yake. Ukilowa hujaza meno ya tairi na kuligeuza kuwa sabuni, na hakuna tairi linaloushinda kwa muda mrefu. Jangwa la Chalbi hudanganya zaidi: juu ukoko mkavu, chini tope. Mara nyingi uamuzi sahihi ni kusubiri jua, hata kama ni siku nzima. Ndani ya hifadhi, kuacha barabara ili kukwepa tope ni kosa.

Ukikwama na kuvutwa, usifunge kamba kwenye kile kitufe cha duara cha kuvutia trela. Kikikatika hurushwa kama risasi, na watu wamekufa hivyo. Tumia ndoano au pingu za chuma zilizofungwa kwenye chesisi, na waliosimama karibu wasogee mbali.

Maji na mahali pa kulala

Defender imetengenezwa kuvuka maji ya kina cha sentimita 50. Bomba la kuvutia hewa kutoka juu ya paa husaidia injini, lakini haliongezi uzito wa gari dhidi ya mkondo. Maji yakiingia ndani ya silinda hayabanwi kama hewa, hupinda konrodi. Injini ikizima majini, usijaribu kuiwasha tena.

Kaskazini mwa Kenya mito mikavu ya mchanga huitwa laga. Mchanga wake ni tambarare, una kivuli cha migunga, na unavutia kuweka hema. Usilale humo. Mvua ikinyesha milimani kilomita nyingi kutoka hapo, maji hufika usiku huku juu yako nyota zinawaka. Panda ukingoni, hata kama pana mawe. Mtu aliyebaki mjini awe anajua njia yako na siku ya kurudi, kwa sababu sehemu kubwa ya huko simu haishiki.

Jioni, kabla ya chai, zunguka gari: nati za magurudumu, springi, mipira ya maji, matone ya oili chini. Na kama siku hiyo ulivuka mto, fungua boliti ya difu uangalie. Difu yenye moto ikiingia ghafla kwenye maji baridi huyavuta ndani kupitia sili au tundu la kupumulia. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na inabidi ibadilishwe hapohapo kambini kabla ya safari ya kesho.